Diski ya pili inapiga kelele: sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Swali huja kwa njia nyingi lakini ni lile lile. "Kaka, tangu nitie diski ya pili kompyuta inanguruma kama jenereta la jirani." "Ami, kuna kitu kinagonga ndani." Juzi Maalim mmoja alinipigia kutoka Wete, Pemba, wala hakueleza kitu, aliisogeza simu karibu na kompyuta, akaiacha pale kama nusu dakika, kisha akauliza, "Umesikia?" Nilisikia. Nikamwambia, "Maalim, izime sasa hivi, mengine tutazungumza imezimwa."

Nimechoka kuyarudia kwa simu, kwa hivyo nayaandika yote pahala pamoja. Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani yenye diski moja ya Windows na nyengine uliyoiongeza kwa ajili ya picha, kaseti za harusi zilizohamishwa, taarabu na filamu. Mashine zetu nyingi ni za mtumba. Zimeshatumika maofisini Ulaya au Dubai kabla hazijafika sokoni Darajani, hapa Unguja, na diski tunayoiongeza nayo mara nyingi imeng'olewa kwenye mashine nyengine iliyokufa. Kupiga kelele si ajabu. Kazi ni kujua ni kelele gani, maana kuna inayotibiwa kwa kipande cha mpira, na kuna ambayo dawa yake ni kuwahi kutoa mali yako tu.

Ikiwa diski yako ya pili ni SSD, hiyo haina kitu kinachozunguka ndani na haiwezi kunguruma. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 3 na ya 4 ukatafute mkosaji mwengine.

Tayarisha kwanza

- Pahala pa kunakilia: diski ya nje ya USB, au flashi yenye nafasi ya kutosha. Kama huna, kaazime. Bila ya hiki usianze.
- Bisibisi ya nyota, saizi ya kati.
- Kikombe cha kahawa cha kutilia skrubu. Skrubu ikianguka kwenye jamvi umeipoteza, na ikibaki ndani ya kasha ni mbaya zaidi.
- Brashi ya rangi, mpya na kavu, ya inchi moja.
- Tochi ya simu.
- Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na mkasi. Fundi baiskeli wa mtaani atakupa bure, anayo rundo zima la uliotoboka.
- Saa moja ya usiku, watu wakishalala. Mchana kuna pangaboi, redio, pikipiki na watoto. Hutasikia kitu utakachoweza kukiamini.

Kazi yenyewe

1. Nakili kabla hujagusa skrubu. Najua unataka kufungua. Subiri. Diski inayopiga kelele inaweza kuwa nzima kwa miaka mitano zaidi, na inaweza kuwa na saa mbili tu, na kwa wakati huu hujui yako ni ipi. Anza na vile visivyopatikana tena: picha, video za familia, kazi za skuli, vyeti ulivyopiga skana. Filamu ziache mwisho.

Usinakili kwa kuburuta folda zima kwa mauzi. Faili moja likikwama, kazi yote inasimama kukusubiri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike hivi, D ikiwa ni diski inayopiga kelele na E ile ya kunakilia, ukibadilisha herufi zifuate za kwako:

`robocopy D:\Picha E:\Picha /E /R:1 /W:1`

Hizo `/R:1 /W:1` usizisahau. Zinaiambia programu ikikwama kwenye faili bovu ingoje sekunde moja, ijaribu tena mara moja tu, iendelee. Bila ya hizo, robocopy imewekwa ijaribu faili moja mara milioni moja, kila mara ikingoja sekunde 30. Nimeshamkuta mtu ameiacha usiku kucha ikiipigia faili moja la wimbo, na diski ikizidi kuchoka.

ANGALIA: wengi wakisikia kelele hukimbilia `chkdsk /r`. Amri hiyo huisoma diski nzima kipande kwa kipande, kwa saa nyingi. Kwa diski inayokufa ni sawa na kumpandisha mgonjwa ngazi. Nakili kwanza, ukaguzi baadaye, kama bado utauhitaji.

2. Sikiliza kasha likiwa limefungwa. Zima pangaboi. Chukua mwiko wa mbao, ncha moja iguse ubavu wa kasha, nyengine iegemeze kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Watakucheka nyumbani, waache. Hamisha mwiko polepole, mbele, nyuma, chini, na utajua sauti inatoka wapi. Sauti zenyewe ni hizi:

- *Mvumo mmoja usiokatika*, unaopungua ukibonyeza kasha kwa kiganja. Huo ni mtikisiko. Diski ni nzima, ufungaji ndio mbovu. Nenda hatua ya 3 na kuendelea bila ya wasiwasi.
- *Mvumo unaokuja na kuondoka*, wuuu, kimya, wuuu, kila baada ya sekunde kadhaa. Hizo ni diski mbili zinagombana. Nimeueleza kwenye hatua ya 7.
- *Mchakato mwepesi* kama kuku anaparura, wakati unafungua au kunakili faili. Ni kichwa cha kusomea kinahama. Kawaida, hasa kwa diski kongwe.
- *Tik moja nyepesi* baada ya kutulia kidogo. Diski inalaza vichwa vyake pembeni. Baadhi ya diski za WD Green hufanya hivyo baada ya sekunde 8 tu za utulivu, na mwenye nyumba hudhani inakufa.
- *Ko, ko, ko* yenye mpangilio, kisha diski inanyamaza, kisha inaanza tena. Na Windows inaganda. Hii ndiyo ya Maalim. Zima.
- *Kusaga au kukwaruza kwa chuma.* Zima hapo hapo, hata kama hujamaliza kunakili. Kila mzunguko unakwangua utandu wenye data zako, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Hizi mbili za mwisho usiendelee nazo kwenye hatua za kufunga mipira. Nenda mwisho kabisa wa mwongozo.

3. Zima na ufungue. Soma kwanza ANGALIA ya hatua ya 4, kisha zima kompyuta kwa njia ya kawaida, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa chochote chengine. Fungua ubavu.

Kwa wanaokaa Mji Mkongwe au karibu na pwani: skrubu za nyuma huenda zimeshika kutu kwa chumvi. Usizilazimishe kwa bisibisi ndogo, utazila vichwa. Bonyeza kwa nguvu kwanza, ndiyo uzungushe.

4. Ondoa watuhumiwa wasio na hatia. Kabla ya kuilaumu diski, mulika tochi. Je, kuna waya unaogusa pangaboi la prosesa? Kuna vumbi limejikusanya kwenye mabawa yake mpaka yamekuwa mazito upande mmoja? Nimeshafungua mashine moja ya Fuoni, mwenyewe anaapa kuwa diski inagonga. Ndani mlikuwa na mayai mawili ya mjusi, meupe, saizi ya punje za kunde, moja limeshikilia pembeni mwa pangaboi na kila bawa likipita linalikwaruza. Sisimizi nao hupenda joto la pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha.

Piga brashi, uondoe vumbi. Unaposafisha pangaboi lishikilie kwa kidole lisizunguke.

Sasa jaribio linalomaliza ubishi: chomoa waya mbili za diski ya pili, ule mwembamba wa data na ule mpana wa umeme. Diski iache ilipo. Chomeka waya wa ukutani, washa, sikiliza. Kelele imeondoka? Ni diski. Kelele ipo pale pale? Diski haina kosa, kamtafute pangaboi.

ANGALIA: hakikisha umechomoa ya pili na siyo ya Windows. Kabla ya kuzima, fungua programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uandike modeli na namba ya diski yenye herufi D. Namba hiyo hiyo imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Na usichomoe wala kuchomeka kitu mashine ikiwa inawaka. Wala usiinyanyue diski inayozunguka "kuisikia mkononi". Diski ikizunguka, vichwa vyake huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele, na kuipindua ghafla ndiyo namna rahisi ya kuiua.

5. Iulize diski yenyewe. Rudisha waya, washa, fungua tena CrystalDiskInfo. Bluu ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Lakini usiishie kwenye rangi. Tazama mistari yenye alama 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni vipande vibovu ambavyo diski imeshavibadilisha kwa akiba yake. C5 ni vile inavyovishuku. C6 ni vile ilivyoshindwa kuvisoma. Safu ya mwisho upande wa kulia inatakiwa iwe sufuri tupu. Namba hizo programu huzionyesha kwa mfumo unaochanganya tarakimu na herufi, kwa hivyo ukiona 1A usishangae, ni 26.

Vipande vichache kwenye 05 visivyoongezeka vinavumilika, kama unakili umeshafanya. C5 inayoongezeka wiki hadi wiki haivumiliki. Na ukiona C7 inapanda peke yake, kosa huwa ni la waya wa data, si la diski. Badilisha waya.

Tazama pia saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzima ni saa 8,760. Diski ya mtumba yenye saa 30,000 imezunguka zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana kabla hujaiita yako. Sisemi uitupe. Nasema usiifanye ndiyo pahala pekee pa picha za marehemu mzee wako.

6. Ifunge vizuri. Hapa ndipo wengi watakapopata dawa. Diski ya inchi tatu na nusu hufungwa kwa skrubu nne, mbili kila ubavu. Tulizoea kuifunga kwa mbili, au moja, au kuilaza tu juu ya chuma na kipande cha gazeti chini yake. Zima, chomoa, itoe.

Kata mpira wa baiskeli vipande vinne vya mviringo, saizi ya sarafu, toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Tia kipande kimoja kati ya diski na chuma cha kasha kwenye kila tundu. Kaza skrubu mpaka mpira uanze kubonyea, basi. Ukikaza mpaka ulale bapa, umefunga chuma kwa chuma tena.

Skrubu za diski kubwa zina meno mapana kuliko zile za diski ya kompyuta ya mapajani. Ikigoma kuingia kwa vidole mizunguko miwili ya mwanzo, siyo yenyewe; usiisukume. Kama kasha lako ni la Dell lenye kitanda cha plastiki cha buluu kinachoteleza, huhitaji mpira. Tazama tu kama vijino vyake havijavunjika, maana vikivunjika diski hucheza.

ANGALIA: usiizungushie pamba, sponji wala kitambaa ili kuua sauti. Utaua sauti na utaua diski. Hapa kwetu, kaskazi ikishika Januari na Februari, chumba chenyewe kina joto. Diski inahitaji hewa ipite. Nikiona nyuzi 50 kwenye CrystalDiskInfo mimi huanza kuhamisha vitu. Na kile kitundu kidogo juu ya diski, kilichoandikwa kisizibwe, kisizibwe kwa kitu chochote.

7. Zitenge diski mbili. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na hiyo 120 ndiyo sauti ya mvumo unaousikia. Lakini hazipo diski mbili zenye mwendo sawasawa kabisa. Moja ikiitangulia mwenziwe kidogo tu, kuna wakati mitikisiko yao hukutana ikasaidiana na kuna wakati hupingana ikafutana. Kasha jembamba la chuma linakuwa ngoma. Ndiyo maana kila moja peke yake ilikuwa kimya, ukazitia pamoja zikaanza kuimba.

Ziachanishe. Ipeleke ya pili kwenye nafasi ya chini au pale palipokuwa na kisoma-CD, ukitumia kitanda cha kufungia. Ikiwa kasha halina nafasi nyengine, mpira wa hatua ya 6 utie kwa diski zote mbili. Na kasha lenyewe lisikae juu ya meza ya mbao iliyo wazi chini. Kipande cha jamvi au mkeka uliokunjwa chini ya miguu yake hufanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

8. Ilaze. Diski ya picha haina sababu ya kuzunguka wakati unaandika barua. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi:

`powercfg /change disk-timeout-ac 10`

Baada ya dakika 10 bila ya kazi, italala na kelele itaisha. Ukitaka faili, itachukua sekunde chache kuamka. Kwa wanaotumia Linux ni `sudo hdparm -S 120 /dev/sdb`, ambapo 120 maana yake ni dakika 10, kwa kuwa kila moja ni sekunde 5. Usiweke dakika 1 wala 2: diski itakuwa inalala na kuamka mchana kutwa, na kuamka ndiko kunakoichosha.

9. Au itoe kabisa. Mimi, kwa maoni yangu, hii ndiyo bora kwa diski ya kuhifadhia tu. Inunulie kasha la USB, iweke kabatini, ichomeke siku ya kunakili. Ila diski kubwa inataka kasha lenye adapta yake ya umeme ya volti 12. Lile dogo linalokula umeme wa USB peke yake haliwezi kuizungusha.

Ikikataa

*Nimefunga, nimewasha, diski ya pili haionekani.* Zima, chomoa na uchomeke waya zote mbili mara mbili tatu, kwa unyevu wetu hata kusugua vidole vya waya tu husaidia. Haijaonekana bado, jaribu tundu jengine la data kwenye ubao mkuu.

*Windows haiwaki kabisa, inasema haioni mfumo.* Umebadilishana waya za data, na mashine sasa inataka kuwaka kutoka kwenye diski ya picha. Zirudishe zilivyokuwa, au ingia kwenye mipangilio ya BIOS uitangulize ya Windows.

*Niliiambia ilale, hailali.* Kuna kitu kinaiamsha. Mara nyingi ni programu ya kupakua filamu iliyowekwa kuhifadhi kwenye D, au kinga ya virusi inayopekua.

*Inagonga umeme ukiyumba tu.* Amini masikio yako. Umeme ukipungua, diski huvirudisha vichwa pembeni ghafla, na hiyo ndiyo tak unayoisikia. Tuliokuwapo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ile bila ya umeme, tukiwasha kompyuta kwa majenereta, tunaijua vizuri. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, acha diski mpya, nunua UPS, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika.

*Inagonga wakati wote.* Usiifungue kwa kutaka kuona. Vumbi moja tu ndani linatosha. Usiitie kwenye friza. Ukiitoa, kwa hewa yetu, itatoka jasho mpaka ndani. Usiipige kofi. Itoe, iviringishe kwenye kitambaa, uibebe mkononi kwa fundi. Ikiwa imezimwa huvumilia mtikisiko zaidi kuliko ikizunguka, lakini kwenye boti usiitie kwenye mizigo ya chini.

Kabla ya kuikatia tamaa, angalia kitu kimoja: umeme wake unatoka wapi? Ikiwa umetumia kile kiungo cha kugawa umeme, cha kubadilisha plagi nene ya zamani kuwa ya SATA, ile bapa ya diski za sasa, kiondoe. Vile vya plastiki ya kumiminwa vimeshayeyuka kwenye mashine nyingi, na kabla ya kuyeyuka huifikishia diski umeme pungufu. Maalim wa Wete alikuwa nacho. Alikuja na diski yake kwenye boti, kaiviringisha kwenye kanga ndani ya mkoba. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye pawasaplai yangu, tukakaa kimya wote wawili tukisubiri ko ya kwanza. Haikuja. C5 yake ilikuwa 14, kwa hivyo siku ile ile tulinakili kila kitu, tukamaliza kabla ya magharibi. Picha za mahafali ya mwaka mmoja hazikusomeka.

"Na hii sasa?" akauliza, ameishika mkononi.

Nikamwambia aiweke filamu za watoto.